Mstari Mrefu Kuliko Yote

Natamani ningekataa kuongeza majina. Kabla ya hapo chati yangu haikumdhuru mtu.

Nilikuwa karani kwenye kizuizi cha malori Malaba, mpakani na Kenya, miaka ile jeshi lilipotutawala. Nilijifundisha kuchora kwa taipureta: tarehe juu, na chini yake herufi X kwa kila lori lililovuka. Mkuu wangu aliposifu, nikaongeza O kwa lori tupu, kisha vistari vya kutenganisha wiki. Nilijiona fundi.

Siku moja akaja afande kutoka kambi ya jeshi ya Rubongi, akitafuta wanaovusha kahawa ya magendo kwenda Kenya. Aliishika chati, akaguna.

"Kijana, mimi nataka kuona mtu. Weka jina ya mwenye lori. Na hii O toa, nachanganya mimi."

Mkuu wangu alinitazama. Nadhani alitaka niseme karatasi haitoshi. Nami nilitaka afande aone ninachoweza, nikajibu, "Ndiyo, afande. Kesho asubuhi."

Usiku huo niligeuza kila O kuwa X, nikampa kila mwenye lori mstari wake. Mstari mrefu kuliko yote ulitokea kuwa wa mzee mmoja msafirishaji wa Tororo. Nilikuwa nimeshamposa binti yake. Mzee alileta chumvi kutoka Kenya. Kila siku lori lake lilivuka tupu asubuhi, likarudi na mzigo jioni, maana hakupenda kulala ugenini. Zile O zingeonyesha kwamba hakutoa hata gunia moja nchini. Niliuona urefu ule. Nikajiambia ni sifa ya mchapakazi, nikaikabidhi karatasi.

Wanajeshi walimchukua dukani kwake wiki hiyohiyo.

Binti yake, aliyezoea kuniletea sambusa kila Ijumaa, alikuja mikono mitupu, akasimama mlangoni.

"Ni wewe uliyechora?"

"Mimi nilipiga alama tu."

"Na jina la baba lilijipiga lenyewe?"

Yeye na mama yake walihamia Busia ya Kenya. Jumapili nyingi nilipanda gari hadi Busia ya kwetu, nikasimama karibu na mpaka nikiwatazama wanawake wa ng'ambo, nikitafuta mwendo wake, ule wa kuinamisha bega la kushoto kidogo. Hata sasa, nikinusa sambusa, nageukia mlango.

Kwa safu ile ya majina, mzee hakurudi kwake, na binti yake, niliyempenda kuliko mtu yeyote, hakuwa mke wangu. Sikuoa.