Kumsomea Bibi wa Mahamri

Siku ile chumbani tulikuwa mimi, mdogo wangu wa kiume, wadogo zangu wawili wa kike, shangazi aliyetoka Busia kwa mazishi, muuza njugu wa pale kona, na bibi jirani aliyezoea kupika mahamri ya kuuza mlangoni kwake. Mama tulikuwa tumemzika wiki iliyotangulia. Baba alikufa kabla yake. Shangazi alikuwa akiamua kipi kibaki na kipi kiuzwe. Muuza njugu aliitwa kwa ajili ya katoni ya vitabu vya baba.

Baba alifanya kazi reli. Kila akilipwa alipitia kwa wauza vitabu vikuukuu kando ya barabara mjini, akarudi na kimoja kwapani. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma, kabla sijaanza shule. Sasa nilikuwa nimeacha darasa la saba ili wadogo zangu waendelee, na hilo sikulililia. Nililia nilipomwona muuza njugu akipapasa kurasa kama mtu anayechagua kitambaa.

"Hizi ni nzito," alisema. "Zinafunga njugu vizuri."

"Beba," shangazi akamwambia. "Watoto hawatakula hadithi."

Bibi akainuka kwenye stuli. "Katoni hiyo nimeichukua mimi."

Shangazi akacheka. "Bibi, si ulisema herufi hizi huzijui?"

"Sizijui. Mimi nilisomeshwa Kurani, basi. Ndiyo maana namtaka huyu msichana. Atanisomea nikikanda unga, na mahamri ya hawa watoto yatatoka kwangu. Una neno jingine, mwanangu?"

"Na mimi nitafungia nini?" muuza njugu akauliza.

"Fungia magazeti kama wenzako!"

Hivyo ndivyo nilivyopata shule nyingine. Kila alasiri, nikishafua nguo za watu, nilikaa karibu na karai la unga na kumsomea kwa sauti. Mkono mmoja ulishika kitabu, mwingine ulipepea makaa. Bibi hakuwa msikilizaji mpole. Aligombana na watu wa kitabuni kana kwamba wanaishi ploti yetu. "Mwambie huyo mwanamume aondoke! Haoni anachezewa?" Nikimwambia siwezi kumwambia, alinuna, akaupiga unga ngumi. Nilipoharakisha ili nijue mwisho, alinirudisha: "Rudia pale. Umemeza maneno."

Tabia hiyo haikunitoka. Leo nauza vitunguu soko la Muthurwa, na jua likiwa kali wateja wakipungua, natoa kitabu chini ya gunia. Siwezi kusoma kimyakimya. Midomo yangu inacheza, na pakiwa patamu sauti hutoka. Vijana wa mikokoteni hunitania: "Niaje mathe, leo unaombea nani?" Nawajibu kwamba naombea wao, wapate akili. Mmoja hupunguza mwendo akipita, nami nikimwona naongeza sauti kidogo.

Wadogo zangu walimaliza shule wote. Katoni tuliimaliza pia, kitabu baada ya kitabu, isipokuwa kimoja. Tulikuwa katikati yake miguu ya Bibi ilipokataa, na mwanawe akaja kumchukua kumpeleka Mombasa. Siku ya kuondoka alinishika kiganja, mkono wake bado una unga.

"Hicho usikimalize peke yako. Utanisimulia kwa mkato, nami sitaki mkato."

"Sitakimaliza, Bibi."

Nilijaribu kumsomea kwa simu, lakini masikio yake yamechoka. Husikia neno moja, huniuliza matatu, kisha hunisalimia upya. Mwanawe anasema ukikaa karibu naye, mdomo karibu na sikio, husikia vizuri. Wadogo zangu wananiambia nisome tu, Bibi hatajua. Lakini ni yeye aliyenipa haya yote niliyosoma. Pale tulipoishia nimeweka uzi, na kurasa zinazofuata sijazifungua. Nusu ya kitabu hicho ni deni langu kwake, na sharti nilipe nikiwa nimeketi ubavuni pake.