Kioo Mbele ya Televisheni

Mama mkwe hakuwahi kuiheshimu kazi ya mhandisi, mke wa mwanawe. Mtu anashinda maabara akipaka vioo utando mwembamba wa kumeza mwanga usioonekana, kisha anarudi na kioo kitupu, kama cha dirishani!

“Umesoma kote huko uje kufuta vioo?”

Jioni moja mhandisi alichoka kusemwa. Utando wake wa mwanzo ulimeza aina moja tu ya mwanga huo usioonekana, ukaachia nyingine. Huu mpya ulimeza zote. Akakisimamisha kioo chake mbele ya kijicho cha televisheni kinachopokea mwanga wa rimoti, nao hauonekani.

Mumewe akaja kuhamisha tamthilia ya mama aweke mpira. Akabonyeza. Wapi! Akaipiga rimoti gotini, akaisogelea televisheni nusura aibusu, kisha akatoka akifoka kwenda kununua betri.

Mhandisi akaondoa kioo, akabonyeza rimoti ileile: mpira huo hapo.

“Umeona, mama? Ni kioo tu.”

Mama mkwe akakitazama kile kioo kwa heshima zote.

“Kumbe una kazi ya maana, mwanangu! Haya, nirudishie tamthilia yangu, kisha hicho kioo kirudishe palepale. Fainali ya mpira ni kesho.”