Machozi Waliyoyatafuta Mikumi

Mpaka leo harufu ya ile dawa ya kikopo inayopakwa kifuani mtu akibanwa na mafua hunifanya nitafute mlango wa kutokea. Juzi tu tulikuwa tunarekodi tamthilia, dada wa vipodozi akanijia na kikopo chake kwa nia njema kabisa, anipake kidogo chini ya macho ili machozi yaje upesi. Nikamwambia akiweke mbali, mimi silii kwa dawa. Akacheka, akadhani najidai. Sikuwa na nguvu ya kumweleza, maana habari yenyewe inaanzia mbali, Kilosa, na si ya kusimulia huku taa zimeshawashwa na watu wanakusubiri. Nyinyi nitawaambia, kwa sababu hamjawasha taa yoyote.

Mama yangu alikuwa mwigizaji kabla hajaiona kamera hata moja. Ukoo wake ni Wanyamwezi waliokuja enzi za mashamba ya mkonge wakabaki, na pale kwetu Wanyamwezi na Wasagara ni watani. Akifa Msagara, mtani anaingia msibani na vituko vyake. Anavaa shati la marehemu, anatembea kama marehemu, anagombana na wafiwa kwa sauti ya marehemu, mpaka watu waliovimba macho wanacheka bila kutaka. Kazi hiyo wengi waliifanya kwa kelele. Mama aliifanya kwa utulivu. Alimwigiza mzee fulani wa mtaani kwetu namna alivyokuwa akitafuta miwani huku ameivaa, mjane wake akacheka, akalia, akacheka tena, kisha akaomba chakula ambacho alikuwa amekikataa tangu asubuhi. Nilikuwa mdogo, nimebanwa katikati ya magoti ya wanawake, nikajiona mtoto wa mtu mkubwa.

Halafu akafa baba. Baba alikuwa Msagara, fundi baiskeli karibu na soko la Kilosa, mguu wake wa kulia ulikuwa mfupi kidogo kwa sababu ya ajali ya utotoni. Ndugu za mama walikuja kufanya utani wao kama desturi inavyotaka, na nasema kweli, waliharibu. Mmoja alichechemea kwa mguu wa kushoto. Nikaona watu wanamtupia mama jicho la pembeni, kwa sababu kila mtu alijua nani angeweza kutembea kama baba. Lakini mke ni mfiwa, mke hamfanyii mumewe utani. Mama alikaa na kanga kichwani, akatazama ukutani. Hakulia pia. Hilo lilinitia wasiwasi, na kwa kuwa yeye hakulia, mimi nami sikulia. Nilikuwa na miaka tisa na nilifikiri hivyo ndivyo tulivyokubaliana.

Baada ya eda akatangaza kwamba tunahamia Mikumi. Majirani walidhani anafuata biashara ya barabarani. Ukweli aliniambia mimi peke yangu, tukiwa tunafunga vyombo: watu wa filamu hawapiti Kilosa, wanapita Mikumi. Wakienda Iringa wanapita Mikumi, wakitaka kurekodi wanyama wanalala Mikumi. Yeye angekaa njiani mpaka wamwone.

Basi akakaa njiani. Alichemsha mahindi na kukaanga karanga, akauza pale mabasi na malori yanaposimama, lakini karanga zilikuwa kisingizio. Kazi yake hasa ilikuwa kuwajua watu. Alijuana na makondakta, akajuana na madereva wa malori, akajuana na mlinzi wa kituo cha mafuta ambaye hakujulikana kwa kuongea na mtu yeyote. Zaidi ya wote alijuana na Dada Rehema, mhudumu wa gesti moja iliyokuwa na ua mkubwa wa kuegesha magari. Kila mmoja alimwomba jambo moja: ukiona gari lenye watu wa kamera, nipigie. Simu yake ilikuwa na chaji wakati wote. Mimi sikuruhusiwa kuigusa, maana ningeweza kuwa nacheza mchezo wa nyoka wakati riziki inapiga.

Na walikuwa wanakuja, si kwamba hawakuja. Mama alikuwa anakimbia na sinia kichwani, anafika anahema, anapanga sura, anawapa shikamoo hata watu ambao wao ndio waliopaswa kumwamkia. Kulikuwa na kijana mmoja aitwaye Sele, msaidizi wa muongozaji, aliyepita mara kwa mara. Mama alimpa karanga, akamwombea safari njema, akamkumbuka hadi jina la mtoto wake. Sele alikuwa na jibu lake moja tu: "Mama, tutakupigia." Alilisema kwa upole, na ule upole ndio uliotumaliza. Mtu akikufukuza unaondoka. Akikuambia atakupigia, unakaa.

Tukakaa mpaka tukachakaa. Mama alikonda. Alikuwa akijiigizia peke yake akiosha sufuria, mara anabembeleza, mara anagomba, na mimi nikawa naogopa kwamba wapangaji wenzetu watasema amerukwa na akili, na kweli wakasema. Mjomba Ramadhani, kaka yake, akaja kutoka kijijini kwao Zombo kwa pikipiki, ametapakaa vumbi hadi kwenye kope. Hakufoka. Alikunywa maji, akasema, "Tatu dada yangu, umejaribu. Mvua zinakaribia na shamba lipo. Jumapili nakuja na gari la mizigo, tunapakia vyombo, tunakwenda nyumbani. Mambo ya sinema uyaache hapahapa."

Mama akaitikia, "Sawa, kaka." Sijawahi kusikia sawa iliyokufa namna ile.

Ijumaa ya wiki hiyohiyo Dada Rehema akapiga. Kundi zima lilikuwa limeshukia gesti kwake, na Sele akiwemo, wanatafuta wanawake wa kulia msibani katika nyumba waliyoikodi nyuma ya barabara kuu. Sikumbuki kama tulifunga mlango. Mama aliacha mahindi jikoni, yanachemka.

Tulipofika, msiba ulikuwa umeshapangwa: turubai, mkeka, wanawake wamefunga kanga, na jeneza tupu limefunikwa kitambaa cha kijani. Muongozaji alikuwa mwanaume wa Dar, mfupi, mwenye kofia na haraka. Mama alijieleza vizuri. Akaomba aoneshe hata kidogo tu anachoweza. Yule bwana akamsikiliza kama mtu anavyosikiliza tangazo la redio, huku macho yake yapo kwangu.

"Huyu mtoto ni wako?"

"Ni wangu."

"Ana sura ya filamu. Mtoto tuliyekuja naye amepandwa na homa, hawezi kusimama. Huyu anaweza kulia?"

 Nilikuwa nimemshika mama mkono, nikausikia mkono wake unalegea, halafu unakaza tena. Akasema, "Anaweza." Kisha, kwa sauti ndogo, akaongeza, "Na mimi nikae hata pale mkekani na wenzangu?"

Sele ndiye aliyejibu, akitazama chini. "Mama, mkeka umejaa."

Wakanivalisha gauni la mtoto mgonjwa, wakanisimamisha mbele ya jeneza. Nilitakiwa kumlilia baba. Ni hivyo tu, nimlilie baba. Kamera ikawaka, nami nikakunja uso kama mtu aliyeuma limau. Wakarudia. Wakanipaka ile dawa chini ya macho, nikapiga chafya, macho yakawa mekundu, pua ikachuruzika, machozi yakagoma. Wakarudia tena na tena. Mwanamke mmoja wa mkekani akashauri nifinywe. Jua lilikuwa linaelekea milimani, na muongozaji akasema mbele ya wote kwamba likizama kabla sijalia, wanaifuta sehemu hiyo na asubuhi wanaondoka. Nikamtafuta mama kwa macho. Alikuwa amesimama pembeni kabisa, kwenye nyaya za taa, na nikaona kwenye uso wake kitu ambacho mtoto hapaswi kukiona kwa mama yake. Alikuwa amefika mwisho. Baada ya pale kulikuwa na Jumapili, na baada ya Jumapili hakukuwa na kitu.

Akamwendea dereva wao, akamwomba koti la kazi alilovaa. Dereva akampa bila kuelewa. Mama akalivaa, akapita nyuma ya mpiga picha, akasimama upande mmoja wa ua mahali ambapo mimi peke yangu ningemwona, akamwambia muongozaji, "Washa."

Kisha akamleta baba.

 Alitembea tu, mguu wa kulia ukifika chini kwa kuchelewa, bega likifuata. Akachutama mbele ya gurudumu ambalo halikuwepo, akalizungusha, akatega sikio kusikiliza linapogusa. Akajifuta mikono kwenye mapaja, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Halafu akainua uso, akaniona, akafurahi. Ile ilikuwa furaha ya baba nikitoka shule, ya kunyanyua nyusi kwanza, kana kwamba hakutegemea ningerudi. Akasimama, akachechemea polepole kuelekea upande wa geti, akiondoka.

Nililia kilio ambacho sikujua kuwa nilikuwa nacho. Nilipaswa kusema "Baba, usiniache." Nikasema, "Baba, twende nyumbani," nikasema hivyo mpaka sauti ikakatika, na wale wanawake wa mkekani waliokuwa wakilia kwa kazi wakaanza kulia kweli.

"Kata!" Watu wakapiga makofi. Muongozaji akaninyanyua juu, akaniita nyota. Wote walikuwa wamenizunguka, na katikati ya miguu yao nilimwona mama anavua lile koti, analikunja vizuri, anamrudishia dereva.  Hakuna aliyegeuka kumtazama.

Njiani sikukubali anishike mkono. Nilimwambia, "Umemfanyia baba utani." Akasema, "Ndiyo, mwanangu." Hakujitetea hata kidogo, na hilo likanikera zaidi. Niliamini amemuuza baba ili apate filamu, na nilikaa na hasira hiyo miaka mingi.

Jumapili Mjomba Ramadhani alikuja, akarudi Zombo na gari tupu, sisi tukabaki. Wiki chache baadaye simu ikaita, alikuwa Sele, akiulizia yule mtoto. Ikaita tena. Mama akawa mtu wa kunipeleka, wa kusalimia watu kwa niaba yangu, wa kukaa kwenye viti vya nyuma na chupa ya chai. Yule Sele wa tutakupigia alinipeleka kwa watu ambao hadi leo nafanya nao kazi, na kila mlango niliopita, mama alikuwa ameugonga kwanza kwa karanga. Kwa ajili yake mwenyewe hakuomba tena. Sasa amerudi Kilosa, na akienda msibani anakaa na wapishi.

Ilibidi niwe mwigizaji mtu mzima, nisimame mbele ya watu wasioamini ninachofanya, ndipo nikaelewa. Sisi katika kazi hii tunahangaika maisha yetu yote tukitafuta japo mtu mmoja atakayesahau kwamba tunaigiza. Mama alimpata siku ile. Alivunja mwiko aliokuwa ameulinda hata siku ya maziko, akaigiza kuliko nilivyowahi kuona mtu akiigiza, na mtazamaji wake akamwamini kiasi cha kumwita arudi nyumbani. Kamera ilikuwa umbali wa hatua chache tu, imempa mgongo.

Ile filamu bado ipo, watu bado wananitumia kipande kile kwenye simu na kunisifu. Mama haonekani popote. Lakini nitazameni macho. Yanatoka kushoto, yanakwenda kulia taratibu, yanashuka kidogo, yanapanda, yanashuka tena. Watazamaji hudhani nalifuata jeneza linapobebwa. Jeneza halijabebwa, lipo chini miguuni pangu.