Samaki wa Mama na Beseni la Bibi Salome

Enzi zetu mfanyakazi wa serikali akipewa uhamisho, alihama na godoro, kinu na kuku wake. Sisi tulihama na samaki. Baba yangu, seremala, alitolewa Ujiji akapelekwa Singida, na mama akasema wazi kwamba hawezi kuishi asikoliona ziwa. Baba hakubishana naye. Alikwenda kwenye mawe ya ufukweni na kipande cha chandarua, akarudi na samaki saba wadogo wenye milia ya njano, ndani ya debe la maji ya ziwa.

Debe lile lilisafiri katikati ya miguu ya mama, daraja la tatu la treni, kutoka Kigoma mpaka Itigi. Kila kituo baba alichota maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu ili yapate hewa, na abiria wakamuuliza kama uji umepoa. Itigi tulipanda lori la magunia, tukapita vichakani kutwa nzima, vumbi mpaka kwenye meno. Tulifika Singida na samaki watano.

Baba akawajengea nyumba ya vioo vya dirisha, fremu ya chuma, maungio kayaziba kwa lami. Maji yakipungua, mama aliongeza ya mtungini. Nilikuwa na miaka tisa, na nyie wa rika langu mtanielewa: samaki tulimjua wa kwenye mchuzi. Sasa tulimtazama uso kwa uso, akipumua, akigeuza jicho kututazama na yeye. Watoto wa mtaa waliingia wakinong'ona kama wameingia msikitini.

Siku moja balozi wa nyumba kumi alitangaza ukaguzi wa usafi. Mama alikuwa shamba la ujamaa, na maji ya samaki yalikuwa ya kijani. Nikaona aibu. Singida ya wakati ule maji ya bomba yalikuwa heshima; ya kisima tulifulia, ya bomba tulimpa mgeni. Basi nami nikawapa samaki heshima. Nilimwaga maji yao yote, nikaenda bomba la mtaani mara nne na ndoo. Yalinuka dawa, kwa sababu mvua zilikuwa zimenyesha na dawa ilikuwa imeongezwa, lakini kwangu ile ilikuwa ndiyo harufu ya usafi. Yalikuwa maangavu mpaka samaki walionekana wanaelea hewani.

Sikuwahi hata kuirudisha ndoo mahali pake. Wote watano walipanda juu wakitweta, kisha wawili wakalala ubavu, wasiinuke tena.

Mama alirudi, jembe begani. Hakunipiga. Aliketi sakafuni mbele ya kioo akalia kwa sauti niliyokuwa nimeisikia msibani tu, na hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimemwaga ziwa lake.

Kilio kilimfikia Bibi Salome, jirani yetu Mnyaturu aliyepika pombe ya mtama. Kwa sababu ya pombe hiyo, mama, Mwislamu wa Ujiji, alikuwa hajavuka kizingiti chake mwaka mzima; walisalimiana juu ya ua wa minyaa, basi. Siku hiyo Bibi aliingia bila hodi. Kwa hofu nilisahau hata shikamoo. Alichovya kidole, akanusa, akaniuliza kama maji yametoka bombani moja kwa moja.

"Haya yanaua pombe," alisema. "Nikiyatia yakiwa mabichi, haichachi. Lazima yalale kwanza."

Akatoka, akarudi na beseni pana kichwani: maji yaliyokaa wazi tangu jana asubuhi, maji ya pombe yake ya Jumapili. Mama alilitazama lile beseni, akajifuta machozi, akauliza kama limewahi kutiwa pombe.

"La maji tu, Mama Hamisi. Samaki wako hawatalewa."

Mama akasogea pembeni. Tuliwahamisha watatu kwa bakuli. Mmoja alikufa kabla ya magharibi. Wawili wakanyooka, wakaanza kuogelea taratibu.

Baba alimuuliza mhudumu wa pampu ya maji. Akaambiwa kwamba dawa inayoua vijidudu hupotea hewani maji yakilazwa kwenye chombo kipana, mchana na usiku wake. Mhudumu alicheka sana aliposikia ni mpika pombe aliyetufundisha. Tangu hapo ikawa desturi yetu: beseni wazi, kitambaa chepesi juu kuzuia nzi, kesho yake tunachovya kiwiko kwenye beseni na kwa samaki kupima ubaridi, maana upepo wa Juni kule unafanya maji kuwa kama chuma, kisha tunatoa theluthi tu na kurudishia kwa kikombe, pole pole. "Usimhamishe mtu nyumba nzima kwa siku moja," mama alikuwa akisema.

Miezi ikapita, samaki mmoja akaacha kula, kinywa kimevimba. Mama akaomba dua. Asubuhi moja samaki yule akafungua kinywa, wakatoka watoto, wembamba kama punje za mchele; kumbe alikuwa akiwalea humo. Kivuli changu kilipopita, wote wakakimbia kurudi kinywani. Bibi Salome alishika kinywa chake mwenyewe.

Nimezunguka miji mingi tangu wakati ule. Mpwa wangu ana tangi lenye taa. Anamimina maji ya bomba, anadondosha matone ya dawa ya kuondoa klorini, kamaliza kabla wimbo redioni haujaisha. Simcheki, ingawa ni kijana asiyeweza kungoja hata chai ipoe. Matone yanafanya kazi, na wanasema kuna miji ambayo dawa yake haitoki hata ukilaza maji wiki nzima. Ila yeye hajui jirani yake anaitwa nani.

Mwaka wa nne baba akahamishwa tena, na Singida sikurudi. Baba alikwisha andaa debe. Mama akasema, "Hawa wamezaliwa hapa." Akashika upande mmoja wa tangi, Bibi Salome upande wa pili, wakazunguka ua wa minyaa, na mama akavuka kile kizingiti. Lori lilipokata kona niliona mabeseni mawili uani kwa Bibi Salome, moja la maji ya pombe, moja la maji ya samaki, yote yakingoja kesho.