Waziri Aliyeogopa Watu wa Mtaa wa Uhuru

Nilipewa kazi ya kumpeleka waziri wa nchi jirani Ilala kwa sababu mwenzangu aliyeizoea aliugua. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeingia Mambo ya Nje, Mchaga mwenye suti moja, na mgeni mwenyewe alikuwa mzito. Wapigania uhuru tuliokuwa tumewahifadhi huko walihitaji kupita nchini kwake, naye alitaka kuonana nao kabla ya kukubali. Angekataa, wangekwama hapa hapa. Sharti lake lilikuwa moja: gari lisisimame penye umati. Kwao, wakati wa mapinduzi, alivutwa nje ya gari akapigwa nusura afe.

Hotelini tuliondoka baada ya sala ya adhuhuri. Dereva alikuwa Mzee Sefu, mzaliwa wa Gerezani. Sharti lile nilimkumbusha mpaka akachoka.

"Ndugu Aloyce, nimekusikia," akaniambia.

Mnazi Mmoja tulipita salama. Kwenye Mtaa wa Uhuru palikuwa na foleni ndefu mbele ya duka la ushirika. Waziri akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha taratibu, kama watu wale wana hasira. Nikamwambia wanangoja sukari tu, ingawa hasira sikuweza kuwasemea.

Karibu na Msimbazi barabara ilijaa kanzu na kofia. Jeneza lilikuwa linakuja usoni kwetu, mbio mbio, likielekea makaburi ya Kisutu. Mzee Sefu akaegesha pembeni, akazima gari, akashuka. Nikamwona anatia bega chini ya jeneza. Desturi hiyo naijua: maiti ikipita, mwanamume huibeba hatua chache, awe anamjua marehemu au hamjui. Sikudhani angeifuata akiwa kazini, na waziri yumo garini.

Watu wakatupita kushoto na kulia, mabega yao yakigusa vioo. Waziri akanishika mkono, akaubana mpaka ukauma.

"Umeniuza," akasema.

Niliogopa kwelikweli. Gari sijui kuendesha, na kumwacha peke yake siwezi. Nikamweleza kuwa huu ni msiba, lakini hakunisikia. Mkono wake wa pili ulikuwa tayari kwenye kitasa. Nikamkumbatia kiunoni kama mtoto anayetaka kukimbilia barabarani, na heshima ya itifaki ikaishia hapo.

Mzee Sefu alirudi anajifuta jasho. Akamwomba waziri radhi, akawasha gari.

"Ni nani yako?" waziri akamuuliza.

"Simjui, mheshimiwa. Wala sikuuliza."

Ilala waziri alikaa na wale vijana wapigania uhuru muda mrefu, mlango umefungwa. Mimi nilikaa barazani nikijiona tayari nimerudishwa Moshi kulima kahawa.

Jioni, wakati wa kurudi, nilimwagiza Mzee Sefu apite njia nyingine. Waziri akakataa, akataka ile ile ya Mtaa wa Uhuru. Tulipofika pale tuliposimama mchana, akashusha kioo.

"Walionivuta garini," akasema, "nilikuwa nawajua wote kwa majina."

Kesho yake alikubali vijana wapite.

Baadaye nilitumwa kwenye balozi kadhaa, na leo nafundisha vijana wanaoingia kazini. Nawafundisha namna ya kumkinga mgeni na watu, maana ndiyo kazi. Kisha nawaambia wamwachie nafasi kidogo, watu wamfikie.