Birika la Baba Mkwe

Bi Chokaa hakuitwa hivyo kwa weupe; alikuwa mweusi ti. Lilikuwa jina la kazi. Alikandika mabirika ya mawe, yale yanayochimbwa chini ya ua ili maji ya mvua yashuke humo kutoka paani. Alifundishwa na baba mkwe wake, sasa marehemu, na mabirika ya mzee yaliyobaki mtaani ni ya kuhesabu kwa vidole.

Mojawapo lilikuwa uani kwa wifi yake, nalo lilivuja. Wifi alishatoa kauli: likivuja tena mvua hii, atalijaza kifusi na kununua tangi la plastiki.

"Utamzika baba yako mara mbili?" Bi Chokaa alimuuliza.

"Baba nilimzika kwa machozi, hili nitalizika kwa toroli. Bomba linakoroma tu, halitoi maji, wifi yangu. Kumbukumbu hazinyweki."

Sasa, chokaa ya birika haipakwi ovyo. Hulowekwa shimoni, ikalala chini ya maji miezi kadhaa mpaka ilainike kama samli. Ikipakwa mbichi, chenga zake hupasuka ukutani baadaye na maji yakapata njia. Mzee alikuwa akiloweka upepo wa baridi unapoanza, na mvua ilimkuta keshamaliza. Bi Chokaa naye aliungoja upepo, kama alivyofundishwa. Ndipo alipokosea. Mwaka huu upepo ulichelewa, mvua ikawahi. Mawingu yalijikusanya chokaa ingali shimoni.

"Mama, tupake tu," binti yake alisema.

"Mbichi? Lipasuke, shangazi yako apate sababu?"

"Tusipopaka, si atapata sababu hiyohiyo?"

Mtoto ana mdomo huyu! Lakini hakukosea. Bi Chokaa akapiga magoti, akatumbukiza mkono shimoni. Chini kulikuwa na chenga. Juu, chokaa iliteleza vidoleni; ilishaiva, ila haikutosha birika zima. Mzee hakuwahi kukandika nusu. Angemwita mvivu.

"Tutaishia usawa wa kifua," alisema hatimaye. "Hapo tutatoboa tundu, maji yakizidi yatokee ardhini."

Walichanganya chokaa na vumbi la matofali, wakakandika, wakasugua kwa kokoto laini. Kila binti alipopanda ngazi, mama alipiga kelele: "Mikono miwili! Miwili, nimesema!"

Wifi alichungulia kutoka juu. "Nusu birika! Na mimi nitaoga nusu?"

"Anza na miguu, wifi. Ndiyo yenye shida."

Ukuta ulikuwa umekauka vizuri mvua iliposhuka, kwa kishindo, kisha ikakatika ghafla, jua likawaka kama halijawahi kuona wingu. Bi Chokaa alikwenda kuchungulia asubuhi na jioni, roho mkononi. Wiki ikapita. Maji yalikuwa palepale, usawa wa tundu.

Wifi alivuta ndoo, akaonja, akaonja tena. Kisha: "Hiyo nusu nyingine ni lini?"

Nyumbani, Bi Chokaa alimkuta binti yake akimwaga mawe mapya ya chokaa shimoni.

"Wewe! Upepo haujaanza."

"Hatuungoji tena, mama. Tutaloweka mwaka mzima. Mvua ije ikitaka, itukute na iliyoiva."

Bi Chokaa alitaka kusema mzee hakufanya hivyo. Badala yake akachukua ndoo, akarudi kwa wifi kuomba maji ya kulowekea.