Zamu Yangu ya Machela

Mimi kutulia siwezi, na miaka ile mitano niliyokuwa mbunge ilinizidishia hali hiyo. Asubuhi niko Kasese mjini naweka jiwe la msingi, mchana niko Kinyamaseke nasuluhisha wagomvi wa mfereji, alasiri niko Bwera nagawa magodoro shuleni, na simu zote mbili zinalia. Dereva wangu alizoea kula chapati akiwa kwenye usukani. Nikikaa kitini dakika kumi naona kama kuna mtu ananiibia kitu. Watu walisema, "Huyu wetu anafanya kazi," nami nilipenda kusikia hivyo, nisiwafiche.

Mama alikuwa anaishi juu, kwenye mgongo wa mlima juu ya Kyarumba, mahali ambapo hata pikipiki inakataa. Nilimjengea nyumba mjini. Akalala wiki mbili, akarudi kwa maharagwe yake na kwa dada yangu mkubwa aliyekaa naye. Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili chake cha Kongo hakikumtoka hata baada ya ndoa ya miaka mingi huku kwetu. Aliniita papa, kama akina mama wa kule wanavyowaita watoto wao wa kiume.

"Papa, unakimbilia fasi gani tena? Ikala, kula."

Namjibu bila kukaa, nimesimama mlangoni, tonge mkononi.

Kule juu mgonjwa hushushwa kwa machela: miti miwili mirefu, katikati kitanda cha kamba zilizosukwa. Kila nyumba ina mwanamume kwenye zamu. Filimbi ikilia unaacha jembe, unaacha sahani, unakwenda, na machela ikishainuliwa haiwekwi chini mpaka kituo cha afya. Ukikosa mara moja unasamehewa. Ukizoea kukosa, hakuna atakayekutukana wala kukutoza kitu, ila siku mtu wako akiugua watambeba wao na wewe hutagusa mti. Utatembea nyuma umebeba viatu vya mgonjwa. Nimewaona wanaume wazima wakitembea hivyo, macho chini, na wanawake mashambani wamesimama kuwatazama.

Kabla ya ubunge nilibeba. Bega langu la kulia lilikuwa na sugu ya mti. Baada ya ubunge nikawa namtuma msaidizi wangu, na siku moja, kwa sababu msaidizi naye ana shughuli, nikatuma kreti ya soda. Mkuu wa machela, mzee aliyestaafu jeshini, aliirudisha mwenyewe, hata chupa moja haijafunguliwa.

"Mheshimiwa," akasema, "soda iko na bega?"

Nilicheka, nikampiga mgongoni, nikaingia garini.

Kisha nikaleta ambulensi. Ilikuwa na picha yangu mlangoni na taa juu inayozunguka. Niliitambulisha kwenye uwanja wa kanisa pale Kyarumba, nikashika maiki, na makofi yakanipanda kichwani. Nikasema mambo ya kubebana kama magunia yamekwisha, hiyo miti kaichemshieni chai! Lo, vigelegele! Mkuu wa machela alikuwa mstari wa mbele, mikono magotini. Mama naye alikuwepo, na baadaye alinivuta koti.

"Papa, gari iko na miguu? Itapanda mpaka kwangu?"

Nikamwambia barabara inakuja, nimeshazungumza na wakubwa. Nilikuwa nimechelewa mkutano wa Ibanda.

Watu wetu, mbunge akisema jambo mbele ya kanisa, wanalichukua. Miti hawakuichoma, sisi si wajinga. Waliigeuza nguzo za kibanda cha kahawa, na kamba zikaenda kufunga mbuzi.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Nilikuwa Bwera, nimesimama juu ya rundo la magodoro nikihutubia walimu na wazazi, simu ikalia mara tatu. Nikaizima. Ikalia ya pili. Alikuwa dada.

"Mama kifua kimembana tangu alfajiri. Hawezi kuongea vizuri."

"Mshusheni kwa machela hadi barabarani, ambulensi itawakuta hapo."

Nikasikia mvua ikipiga bati lao.

"Machela ipi?" akasema. "Si wewe ulituambia?"

Nikashuka kwenye yale magodoro nusura nianguke. Nikampigia dereva wa ambulensi huku nakimbilia gari langu. Alikuwa Ibanda, amepakia spika na viti vya mkutano wangu wa jioni. Nilimtukana matusi ambayo hayaandikiki, mpaka nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyemtuma kabla ya chai. Nikakata simu.

Toka Bwera nilimgombeza dereva wangu kwa kila ng'ombe aliyevuka njia. Nilifungua dirisha, nikalifunga, nikapiga simu ambazo hazikuingia. Kyarumba niliruka garini kabla halijasimama vizuri, nikaanza kupanda, viatu vya ofisini vinateleza kwenye tope.

Nilikutana nao katikati ya mteremko, wanaume wanane, mkuu wa machela mbele. Walikuwa wamebomoa kibanda cha kahawa ili kuitoa ile miti, na nusu ya asubuhi iliishia hapo. Kitanda hawakuwa nacho tena. Walifunga bango langu la kampeni, lile la plastiki ambalo mama alikuwa akianikia kahawa, na picha ilielekea chini. Kila walipoinua kuvuka jiwe niliona meno yangu yakicheka chini ya mgongo wa mama, na maneno MTUMISHI WENU yamekunjamana.

Nikashika mti.

"Toa mukono, mheshimiwa," mkuu wa machela akasema bila kupunguza mwendo.

"Ni mama yangu!"

"Najua. Toa mukono. Kamata viatu."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, ngumi ilikuwa tayari imekunjwa. Lakini kugombana pale ni kuisimamisha machela, na machela haisimami. Dada akanipa kandambili za mama, za bluu, moja imefungwa waya. Nikazibeba nyuma yao, mbunge mzima, kwa aibu ambayo mpaka leo ikinirudia nikiwa peke yangu nasema "aaa" kwa sauti. Mara moja tu mama aligeuza kichwa, akanitafuta, akaniona.

"Papa," akasema, "leo unatembea polepole."

Muuguzi alijitahidi, simlaumu. Alisema tu, "Mngemleta mapema." Hakujua anamwambia nani, au alijua. Mama alifariki siku ya pili, asubuhi, nikiwa nimetoka nje kupokea simu.

Ambulensi ilikuja, imeoshwa inang'aa, ikalipeleka jeneza mpaka barabara inapoishia. Pale wanaume wale wale walikuwa wanasubiri na ile miti miwili. Bango walishalitoa. Walikuwa wamesuka kamba mpya, bado zina rangi ya kijani. Wakaweka jeneza, wakafunga, nami nikachukua zile kandambili za mama nikaenda kusimama nyuma, mahali pangu.

Mkuu wa machela akanitafuta kwa macho.

"Mheshimiwa. Kuja mbele."

Sikuelewa. Nilidhani anataka nitoe hotuba, nikatikisa kichwa. Akaja mwenyewe akanishika mkono. Akaniambia kushusha mgonjwa ni kazi ya wenye zamu, lakini kumpandisha maiti, mtoto hanyimwi mti. Alininyooshea kola ya koti isijikunje, akaniwekea mti kwenye bega la kulia, pale palipokuwa na sugu zamani.

Tukapanda. Mama alikuwa mwepesi, jamani, hata na jeneza lake. Simu zote mbili zililia mfukoni njia nzima. Mkono mmoja ulishika mti, mwingine ulishika kandambili, na hakuna aliyeniambia nipokee.